Rafu ya Katikati

"Hivi nyinyi, kabati mnaliuza au mnaliozesha?"

Swali hilo aliwahi kuliuliza mshona viatu wa jirani, siku alipochungulia juu ya ukuta akakuta familia nzima imelizunguka kabati jipya uani. Mzee wa nyumba alikuwa akihesabu matofali kwa sauti, watoto wawili wakipiga makofi, na mwenye karakana mwenyewe, mama mzima mwenye heshima zake, alikuwa amejikunja ndani ya kabati kama kuku anayeatamia mayai.  Wote walikuwa hoi kwa kicheko.

Ndivyo ilivyokuwa kawaida ya karakana ile. Kabati la mizigo mizito halikutoka getini kabla rafu zake hazijapangwa matofali, mara mbili ya uzito litakaobeba, huku fundi aliyezitengeneza amekaa chini ya matofali hayo. Aliyeanzisha mtindo huo alikuwa Babu, tangu ujana wake. "Kama mwenyewe unaogopa kukaa chini yake," alizoea kusema, "kwa nini umpelekee mwenzako?" Siku hizi macho ya Babu yalikuwa yamefifia. Kazi zake zilibaki mbili, kunoa misumeno na kuchokoza watu. Useremala aliuachia binti yake, na binti yake ndiye Mama wa watoto wale wawili.

Mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Walimwita Futi, kwa sababu tangu akiwa mdogo alitembea na futi kamba kiunoni, akipima kila kilichosimama na kilicholala: meza, mlango, mkia wa paka. Mdogo wake, wa miaka mitano, aliitwa Sisimizi. Hapakuwa na upenyo asioweza kuingia.

Kila siku Futi alipotoka shule alivua sare, akala, akafagia maranda yaliyotapakaa karakanani, kisha akaandika kazi za shule akiwa amepiga magoti mbele ya kreti la soda. Meza ya kusomea hakuwa nayo bado. Ila nyuma ya mlango wa chumbani palikuwa na bodi moja nzuri ya plaiwudi nene, ambayo Mama aliiweka kwa ajili yake. "Likizo ikifika, Mungu akipenda, hii ni meza yako," alimwambia. Kila jioni Futi aliipapasa kidogo kabla ya kulala, kama mtu anayemsalimia rafiki.

Jumatatu moja alifika mteja aliyejulikana mtaa mzima, mwanamke mmoja anayetengeneza vyerehani vilivyoharibika. Watu walimwita Mama Sindano. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi yake, wengine walisema ni kwa ajili ya ulimi wake.

"Nataka kabati," alisema hata kabla ya kukaribishwa kiti. "Vichwa vya vyerehani kumi, vya chuma, si vya plastiki. Kimoja ukikiinua unasikia mgongo unakuita. Rafu niliyonayo ilikatika mwezi uliopita, kichwa kikatua shubiri moja kutoka kwenye mguu wangu. Shubiri moja, mama. Sasa usinitengenezee kabati la kuwekea vikombe."

"Utapata kabati la kubeba chuma chako," Mama alimjibu kwa upole. "Njoo Jumamosi saa nne."

"Nitakuja saa tatu na nusu, nikuone unavyohangaika."

Alipoondoka, Babu aliguna. "Huyo hata akiwa amelala nadhani anamgombeza mto wake."

Kazi ilianza siku ileile. Kabati lilikuwa la upana wa mita moja kwa ndani, kina cha sentimita arobaini na tano, na rafu mbili zenye kazi kubwa: ya juu na ya katikati. Chini paliachwa chumba kirefu cha kuwekea masanduku ya vipuri. Mama alikata mbavu za kabati, akazisimamisha, akapigilia mgongo wa plaiwudi ili kabati lisiyumbe. Kwa ndani, kila upande, alifunga vipande vya mbao ngumu kwa gundi na skrubu, ili rafu zilale juu yake. Jumatano alimwita Futi.

"Rafu mbili ni zako," alisema. "Pima, kata, piga msasa. Na Ijumaa, wewe ndiye utakayekaa."

Futi alihisi masikio yanamwasha kwa furaha. Miaka yote alikuwa mpiga makofi. Sasa angekaa.

"Nionyeshe kwanza rafu inakatwaje," Mama alisema.

Futi alipitisha kiganja juu ya plaiwudi. "Hizi nyuzi za mbao zinazoonekana juu, lazima zilale kwa urefu wa rafu, kutoka ukuta huu wa kabati hadi ule. Zikikatiza, rafu inapinda."

"Na kupima?"

"Naanzia kumi."

Hilo nalo lilikuwa la karakana ile. Ncha ya chuma ya futi kamba yao ilikuwa imepinda zamani, ikawa inadanganya. Kwa hiyo hakuna aliyeanzia mwanzo wa futi. Walishika alama ya sentimita kumi kwenye ukingo wa ubao, kisha wakaongeza kumi mwishoni. Mita moja kwao ilisomeka mia na kumi. Mama na Babu walifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Rafu ya kwanza Futi aliikata vizuri ajabu. Alipofikia ya pili, Sisimizi alikuja kumwonyesha jino linalotikisika, na ilibidi walitikise pamoja mara kadhaa. Futi alirudi kwenye kazi akiwa anacheka. Akashika kumi kwenye ukingo, akavuta futi hadi mia, akapiga mstari. Msumeno ukapita. Alipoibeba rafu na kuiingiza kabatini, upande mmoja ulikaa sawa, upande wa pili ukaning'inia hewani.

Sentimita kumi zilikuwa zimepungua. Alizipima mara tatu, kana kwamba zingerudi.

Mama alikuwa sokoni kutafuta bawaba. Babu alikuwa anasinzia kitini, tupa ya kunolea misumeno mkononi. Futi aliangalia plaiwudi iliyobaki. Kilikuwepo kipande kimoja tu cha kutosha, lakini kilitosha kwa kukigeuza: nyuzi zake zingekatiza rafu badala ya kwenda kwa urefu. Alijua. Kiganja chake kilijua hata kabla ya macho.

Angemwambia Mama. Lakini Mama angesema nini? Labda angesema bado ni mtoto, arudi kupiga makofi. Futi alikikata kipande kile haraka. Kilikaa kabatini kama kilichozaliwa humo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa ametumwa: akachukua brashi na rangi ya kijivu, akapaka rafu zote mbili, juu, chini na kingo. Nyuzi zikapotea. Kile kipande kifupi alichokosea kukata alikifukia ndani ya gunia la unga wa mbao.

"Umepaka rangi tayari?" Mama aliuliza aliporudi.

"Nilitaka zikauke mapema."

"Mkono mwepesi huo," Mama alisema, akamshika bega. Futi alitamani bega lile liwe la mtu mwingine.

Usiku ule hakuipapasa ile bodi ya nyuma ya mlango. Alhamisi darasani mwalimu alimwuliza swali la hesabu mara mbili, naye akajibu la sayansi. Alijiambia kwamba plaiwudi ni nene, kwamba matofali ni ya muda mfupi, kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekaa chini, kwa hiyo kama ni kuumia ataumia yeye. Hesabu hiyo aliirudia mpaka ikaanza kumridhisha.

Ijumaa alipotoka shule alikuta kila kitu tayari. Kabati lilikuwa uani, matofali yamepangwa pembeni, na mshona viatu ameegemea ukuta upande wake, kikombe mkononi.

"Leo nani anaolewa?" aliuliza.

"Leo bwana harusi ni tofali," Babu alimjibu. "Wewe kunywa chai yako, mchango utapitishwa baadaye."

Mama aliinamisha kichwa, akaomba dua fupi kama alivyoomba kila kazi ilipoanza na kila ilipokwisha. Kisha akamwonyesha Futi chumba cha chini. "Ingia, fundi."

Futi aliingia. Alikunja miguu, akainama shingo. Juu yake, kiasi cha shubiri moja kutoka utosini, ilikuwa rafu ya katikati, ile ya nyuzi za kukatiza. Harufu ya rangi mpya ilimjaa puani. Itashika tu, alijiambia. Itashika.

"Moja," Babu alihesabu. Tofali likakaa. "Mbili. Tatu."

Ghafla kikaingia kichwa kidogo kando ya goti lake, kisha mabega, kisha mwili wote. Sisimizi alikuwa amejipenyeza kupitia kwenye mwanya mdogo ulioachwa na miguu ya dada yake, kama kawaida yake. Alijikunja kando ya Futi, akamchekea kwa meno yote, pamoja na lile linalotikisika.

"Sogea, dada. Na mimi nimetengeneza."

"Wewe umetengeneza nini?"

"Nilikushikia penseli."

Nje watu walicheka. "Nne," Babu alisema. "Tano. Sita."

Futi alisikia mlio mdogo juu yake, mdogo sana, kama mtu anayekanyaga jani kavu. Huenda lilikuwa tofali linasogea tu. Lakini alimtazama Sisimizi aliyekuwa ameshaanza kupiga makofi humo ndani, na ile hesabu yake yote ya siku mbili ikamporomokea. Haikuwa na mtu wa pili ndani yake.

"Mama, simamisha," alisema. "Ondoeni matofali. Hii rafu ni mbaya."

  Mama alimvuta Sisimizi kwanza, kisha Futi, ndipo akaondoa matofali moja moja na kuyapanga chini. Futi alieleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama yuko mbele ya darasa: ile mia aliyoisoma badala ya mia na kumi, kile kipande cha kugeuza, ile rangi. Mwishoni alikwenda kwenye gunia, akachomoa kipande kifupi kilichojaa unga wa mbao, akakiweka miguuni pa Mama.

"Niliona aibu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na pua nayo inasaidia. "Nilifikiri nitaumia mimi tu."

Mama alikaa juu ya rundo la matofali. Alikiangalia kile kipande, akakipima kwa macho, na kona ya mdomo wake ikacheza.

"Umesahau kumi."

"Ndiyo, mama."

"Baba," Mama alimgeukia Babu, "mwambie mjukuu wako kuhusu mlango wa mwalimu mkuu."

Babu alikohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mlango gani? Mimi mzee, nasahau."

"Mlango uliokuwa mfupi kwa sentimita kumi," Mama alisema. "Ukafungwa, na paka wakaendelea kuingia kwa chini kama wageni waalikwa. Na mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wangu wa pili wa ufundi nilipokata meza ya mama mkwe wangu, nikasahau kumi kwenye mguu mmoja. Mmoja tu. Mpaka leo wanaiita meza inayoinama kusalimu."

Mshona viatu alicheka mpaka chai ikamwagika upande wake wa ukuta. Futi naye alicheka bila kutaka, akiwa bado analia, na vyote viwili vikakutana puani.

Mama aliacha kucheka wa kwanza. "Kusahau kumi si dhambi, mwanangu. Ila rangi. Rangi hukuisahau. Rangi uliichukua brashi ukaipaka." Alisema taratibu, bila kupaza sauti, na Futi aliona afadhali angepigiwa kelele.

Babu aliinuka. "Maneno baadaye. Kwanza aone kwa macho." Aliweka matofali mawili huku na mawili kule, akakata vipande viwili vyembamba kutoka masalio ya plaiwudi, kimoja chenye nyuzi za urefu, kingine chenye nyuzi za kukatiza. Akakilaza cha kwanza juu ya matofali kama daraja. "Sisimizi, panda." Sisimizi alipanda, akaruka ruka, daraja likatulia. Babu akalaza cha pili. Sisimizi hakuruka hata mara moja. Alipoweka mguu tu daraja lilizama katikati kama kitanda cha kamba, kisha likatoa mlio, na Mama akamdaka kwapani.

"Tena," Sisimizi aliomba.

Futi hakuhitaji tena. Aliwaza vichwa vya chuma, na mguu wa Mama Sindano, na ile shubiri moja. Aliingia ndani bila kuambiwa, akarudi amekumbatia bodi ya nyuma ya mlango, iliyomzidi urefu, akiitembeza upande upande kama kaa.

"Hii inatosha," alisema. "Nyuzi zake nimeziangalia. Zinakwenda kwa urefu."

Mama aliitazama bodi, akamtazama binti yake. "Hiyo ni meza yako."

"Najua. Kreti la soda bado lipo."

 Mama akampa futi kamba. "Basi anzia kumi."

Jumamosi, saa tatu na nusu kamili, Mama Sindano aliingia getini. Alikuwa amebeba kitu kizito kilichofungwa kwenye shuka la zamani, na alikuwa anahema. Alimkuta Futi amelala chali ndani ya kabati, bisibisi mkononi, anafunga rafu kutokea chini. Rafu ya juu ilikuwa ya kijivu. Ya katikati ilikuwa bado ubao mtupu, na mbele yake palikuwa na kipande cha mbao ngumu kilichobandikwa kwa gundi na kubanwa kwa skrubu ili kuupa ukingo nguvu.

"Kumbe bado," Mama Sindano alisema. "Nilijua. Mafundi wote ni kitu kimoja. Na hii rafu imekosa rangi. Au rangi imewaishia?"

Mama alifungua mdomo ajibu, lakini Futi alitoka kabatini, akajipangusa vumbi magotini.

"Shikamoo. Kosa ni langu," alisema. Akamweleza. Hakupunguza kitu, alisema hata gunia la unga wa mbao. Sauti ilimtetemeka alipofika kwenye rangi, lakini alifika.

Mama Sindano alimsikiliza akiwa amekumbatia mzigo wake. "Kwa hiyo ungeniletea hiyo rafu mbovu?"

"Nilitaka kuileta."

"Nikaweka mashine, nikapitisha mguu wangu chini."

"Ndiyo."

"Mm," alisema Mama Sindano. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani, hapo ndipo sentensi yake ilipoishia. Akakaa kwenye kiti cha Babu bila kukaribishwa. "Haya. Jaribuni, nione."

Futi aliingia chini. Kabla hajakunja miguu vizuri Sisimizi alikuwa ameshafika, na safari hii Futi alimsogezea nafasi. Mama alipanga, Babu alihesabu, mshona viatu aliitikia kila namba kutoka juu ya ukuta. Walifika tofali la kumi, la ishirini, la thelathini. Ndani ya kabati, wadogo wale wawili waliimba wimbo wa kuhesabu wa darasa la kwanza, Sisimizi akiruka saba kila mara. Matofali yalipokwisha, Mama alivuta uzi mbele ya rafu kutoka kona hadi kona. Ubao haukushuka hata upana wa ukucha.

"Tumshukuru Mungu," alisema. "Tokeni, mafundi."

Futi alitoka nywele zimejaa unga wa mbao, meno yote nje. Mama alimshika kidevu, akamgeuza amtazame.

"Sikia, mwanangu. Utakosea tena. Hata mwakani utakosea, hata ukiwa na umri wangu. Kosa likitokea, liseme likiwa bado dogo, likiwa bado kipande cha plaiwudi. Ukilipaka rangi, halikai pale ulipoliacha. Linakwenda kumsubiri mtu mwingine, ambaye hata hakujui. Jana ulisema kabla hajaumia mtu. Ndiyo maana leo nimekuruhusu ukae tena."

"Nimesikia, mama."

"Na hiyo rafu," Babu aliongeza, "upake rangi sasa, mteja asije akasema tumembagua."

"Msiipake," alisema Mama Sindano.

Wote walimgeukia. Alikuwa ameinuka. Alikwenda hadi kabatini, akaondoa matofali ya rafu ya katikati kwa mikono yake, akafungua lile shuka. Ndani palikuwa na kichwa cha cherehani cha chuma cheusi, cha zamani sana, maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika nusu. "Hiki ndicho mama yangu alichonilelea," alisema. "Sijawahi kukiacha kwa fundi yeyote. Nilikuja nacho nijaribu kabati, kisha nirudi nacho."

Alikiweka katikati ya rafu. Akapitisha mkono juu ya ubao mtupu, taratibu, kufuata nyuzi kutoka upande huu hadi ule. Kisha akafunga mlango wa kabati, kichwa kikiwa ndani, akalikunja shuka lake tupu kwapani, akatoka getini.